Kizimba cha Sentimita Tisini

Kizimba hakikupita mlangoni. Kina chake kilikuwa sentimita tisini na mlango ulikuwa sabini na tano. Hapo hakuna ubishi. Ukilaze, ukisimamishe, ukigeuze ubavu, sentimita kumi na tano ni sentimita kumi na tano. Dirisha lilikuwa na nondo. Chini barabarani lori lilikuwa linanguruma, na Sista alikuwa amesimama katikati ya chumba kitupu, amekumbatia kikapu chenye mfuniko. Ndani ya kikapu walikuwamo vinyonga wawili, dume na jike, wametenganishwa kwa kipande cha boksi.

Wapagazi walikuwa wawili na walikuwa wamejaribu mara tatu. Yule mnene, shati limemganda mgongoni, alikitua chini akajifuta uso kwa kiwiko.

"Nani aliyetengeneza hiki kitu?"

"Mimi," nikasema.

"Ulikitengenezea humu humu ndani?"

"Humu humu."

"Kama mtu aliyejenga nyumba akajisahau ndani."

Mwenzake akacheka mpaka akashika ukuta. Sista hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, si kizimba.

Ni miaka sita sasa, na bado naweza kukuonyesha alama kwenye fremu ya mlango, pale kona ya kizimba iliposugua rangi ikatoka.

Niliacha shule darasa la sita. Hapana hadithi ya kusikitisha hapo; tulichokana tu mimi na mwalimu wangu, na mjomba alikuwa na karakana. Kabla hajanipa randa, kabla ya patasi na msumeno, mjomba alinipa tepu ya kupimia akanituma nyumbani kwa mteja. Aliagizwa kabati la nguo. "Usinipimie ukuta," akasema, "nipimie mlango." Nikarudi na vipimo vya ukuta. Akanirudisha kwa miguu, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, jua la mchana. Tangu siku hiyo sijawahi kuchora kitu chochote kabla ya kupima mlango kitakapopita. Miaka thelathini na kitu. Vitanda, makabati, meza za watu kumi na wawili, hata jeneza moja. Mlango kwanza.

Nasema hivi mapema ili mtu asije akaniuliza kama nilisahau.

Jambo jingine la kujua ni kwamba mimi ni mtu wa kusema. Mteja akileta mchoro wa kijinga namwambia ni wa kijinga. Kuna bwana mmoja nilimwambia kitanda anachokitaka hakimfai mtu wa uzito wake, akaenda kwa fundi mwingine, na baada ya miezi miwili akarudi anachechemea. Watu huniita mdomo wa patasi. Lakini ulimi wangu una sehemu yake iliyokufa. Mke niliyekuwa naye aliigundua kabla yangu. Aliondoka bila ugomvi, sanduku moja tu, akasema kuishi nami ni kama kuishi na meza: imara, lakini haikuulizi umeshindaje. Nilitaka kumbishia. Nikashindwa nianzie wapi.

Karakana yangu ilikuwa chini ya ghorofa, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa stoo. Juu yangu kulikuwa na vyumba vya kupangisha, na juu ya karakana hasa, kile cha mwisho wa korido, ndicho alichohamia Sista, muuguzi wa hospitali. Kabla sijaujua uso wake nilizijua nyayo zake. Alikuwa na hatua fupi asubuhi, alipotoka zamu ya usiku. Hatua ndefu jioni, alipokuwa anakwenda.

Aliingia karakana asubuhi moja na nguo zake nyeupe za kazini, macho mekundu, mkononi daftari lenye jalada la bluu.

"Fundi, unatengeneza vizimba?"

"Vya kuku?"

"Vya vinyonga."

Nikaendelea kupiga randa. "Dada yangu, nina kazi."

"Na mimi natoka kazini. Nimesimama saa kumi na mbili. Sema unatengeneza au hutengenezi, nikalale."

Nikaweka randa chini. Sikuwa nimezoea kurudishiwa kwa kipimo changu mwenyewe.

Akanieleza. Wodini kwake alilazwa mwalimu mstaafu wa elimu ya viumbe, mzee aliyefuga vinyonga ndani ya nyumba miaka mingi. Miguu ilipomkataa, binti yake akamchukua akae kwake, kwa sharti kwamba vile vidude visikanyage mlangoni. Mwalimu alimaliza wauguzi wote akiwaomba wamchukulie. Wote wakakimbia. Sista peke yake ndiye aliyesema haya, walete. Basi walikuwa chumbani kwake, kila mmoja ndani ya boksi la viatu, na daftari lilikuwa la Mwalimu, kila kitu kimeandikwa humo. Akaniachia nilisome.

"Umelielewa?" akaniuliza siku ya pili, alipopita dirishani kulichukua daftari.

"Nimelielewa."

Sikulisoma. Maandishi ya gazeti nayasoma vizuri tu, lakini mwandiko wa Mwalimu ulikuwa umeshikana kama siafu wanaovuka njia, na mimi si mtu wa kwenda kwa mteja kusema nisaidie kusoma. Niliangalia picha. Kulikuwa na boksi refu, basi nikatengeneza boksi refu, na nikalitengeneza kwa namna niliyoijua kuliko fundi yeyote wa mtaa ule: kabati la kioo la dukani, lile la kuonyeshea saa na miwani. Vioo pande nne, kona zimekazwa, kifuniko kinashuka kama kope. Sifa yangu ni kwamba vumbi halipenyi. Ndani nikaweka tawi moja nene, lililopigwa msasa mpaka likang'aa, na bakuli la maji. Nikalipandisha ngazi mwenyewe, nikalitua mezani, nikajipiga kifua kimoyomoyo.

Siku ya tatu akashuka na ndala, kitambaa cha kulalia kichwani.

"Njoo uone ulichofanya."

Dume alikuwa mweusi kama mkaa. Amejitanua ubavu, kinywa wazi, anaikabili kona ya kioo. Jike alikuwa chini kabisa, karibu na bakuli, na macho yake, yale macho ya kinyonga yaliyotokeza kama vifungo, yalikuwa yamezama.

"Anaona mwenzake kwenye kioo," Sista akasema. "Siku tatu anapigana naye. Hajala. Na huyu anakufa kwa kiu."

"Maji si hayo hapo."

"Hawanywi maji yaliyotulia, Fundi. Hawayaoni. Wanakunywa matone yanayoning'inia kwenye majani. Ukurasa wa pili." Akanigeukia. "Ukurasa wa pili umeandikwa nini?"

Nikafuta alama ya kidole kwenye kioo.

"Mwandiko wake mbaya," nikasema mwishowe.

"Mwandiko wake mzuri."

Nilitegemea anifukuze. Badala yake akawatoa vinyonga, mmoja mmoja, akisubiri wapande wenyewe mkononi, akawaweka kwenye mapazia, huyu dirisha hili na yule lile. Akachukua kikombe, akachovya vidole, akanyunyiza. Kisha akavuta kiti kwa mguu wake, akakisukuma upande wangu.

"Keti. Mimi nitasoma, wewe utachora."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na kama ningeambiwa nichague asubuhi moja ya kuirudia, nisingehangaika kuchagua. Ningechukua yoyote kati ya zile.

Alikuwa anarudi saa moja na nusu. Mimi nasubiri mpaka nisikie maji yakimiminwa kwenye beseni, ndipo napanda na penseli sikioni. Alikuwa anakaa amechovya miguu katika maji ya vuguvugu, daftari magotini, anasoma kwa sauti ya mtu anayesomea mgonjwa maelekezo ya dawa, polepole, bila kuruka. Mwalimu alikuwa ameandika kama anavyoongea. Kinyonga hana raha akitazamwa kutoka juu, aliandika, kwa hiyo mweke juu ya macho yako, yeye ndiye akutazame wewe. Hewa ipite pande zote. Wavu uwe laini, usiwe wa waya wa dirishani, maana kucha zitanasa. Matawi yawe membamba na manene, mengine yalale mengine yapande, kwa sababu kwake hizo ni barabara, na mtu hawezi kuishi kwenye barabara moja. Taa ikae juu, nje ya wavu, mbali na mgongo wake kwa shubiri moja na nusu, kwani kinyonga akipenda joto hulisogelea, na hajui anaungua mpaka awe ameshaungua.

Hapo Sista aliweka kidole kwenye mstari. "Rudia hiyo," nikamwambia, nikijifanya naandika. Akarudia.

Halafu kulikuwa na ukurasa wa tisa. Vinyonga wawili hawakai chumba kimoja. Weka ubao katikati, ubao mzima, usio na tundu, kwa sababu hata kuonana tu kila siku kunawamaliza.

"Maisha gani hayo," nikasema. "Mtu yuko nyuma ya ubao, wala humwoni."

"Wengi wanaishi hivyo," akasema, akatoa mguu mmoja majini akaupangusa. "Mimi nyumba niliyokulia tulikuwa tisa, na sikumbuki kama tulionana."

Alikuwa mcheshi namna hiyo, bila kubadilisha uso. Siku nyingine nilimuuliza kwa nini alikubali kuwachukua wakati wenzake wote walikimbia. Akafikiri. "Wodini kila mtu ananiita. Sista huku, Sista kule. Nilitaka kiumbe kisicho na sauti."

Kazi ya maji tuliitatua pamoja. Aliniletea mpira wa dripu, mpya ila uliopitwa na tarehe, wa kutupwa. Tukaning'iniza chupa juu ya kizimba kidogo cha majaribio nilichokiunga kwa mabaki ya mbao, tukapitisha mpira kati ya majani, akanionyesha kile kigurudumu kidogo cha kupunguzia. "Hapa unamlisha mgonjwa tone kwa tone. Haraka ukimmwagia, unamuua." Chini nikaweka trei ya bati yenye mwinamo na tundu, maji yatiririkie kwenye ndoo. Tone la kwanza lilishuka, likashika ncha ya jani, likatetemeka. Dume aligeuza jicho moja. Jicho la pili likabaki linatuangalia sisi. Kisha akanyanyua mguu, akauacha hewani kama mtu anayekumbuka kitu, akauteremsha, akasogea, akanywa. Rangi yake ikafunguka kutoka ubavuni, kijani, kama kitambaa kinacholowa.

Sista alinishika mkono juu ya kiwiko. Nilikuwa na vumbi la mbao kote na vidole vyake viliacha alama nne safi. Sikuupangusa mkono ule mpaka jioni, na hilo nalisema kwa sababu nimeamua kusema yote.

Tulipofika kwenye vipimo vya kizimba chenyewe, akafunga daftari.

"Mwalimu anasema upana sentimita sitini kwa kila mmoja, na kina sitini. Urefu kadiri unavyoweza. Na kila kona weka skrubu, Fundi. Sitaki gundi. Siku ikifika nataka nikifungue vipande vipande, nikibebe."

"Siku gani?"

"Watu wa kazi yangu hatuna mizizi. Barua moja tu, kesho yake uko mkoa mwingine."

Nikaenda nikanunua skrubu. Thelathini na mbili, za shaba, kichwa bapa, nane kwa kila nguzo. Niliziweka kwenye kopo la majani ya chai. Jioni, alipokwenda kazini, aliniachia ufunguo ili niwanyunyizie majani, na nilipomaliza nikapima mlango. Sabini na tano. Nikakaa kwenye kiti chake. Kwenye karatasi nilikuwa nimeshaandika kina: 60. Nikakifuta kwa kidole kilicholoweshwa mate. Nikaandika 90.

Sikujieleza kwa maneno nilichokuwa nafanya. Kama mtu angeniuliza ningeapa kwamba nawafikiria vinyonga. Na kwa kweli yeye aliniuliza, na ndicho nilichomjibu.

"Tisini? Si kubwa sana?"

"Wanahitaji nafasi. Barabara, si ndivyo alivyoandika?"

"Wewe ndiye fundi," akasema, akaridhika, na kuridhika kwake kulinichoma.

Nikajenga mle mle chumbani, wiki tatu, nikisingizia kwamba ngazi ni nyembamba. Yeye analala upande ule, nyuma ya shuka tuliyoitundika kwenye kamba, mimi huku nakata kwa msumeno mdogo, taratibu, nisimwamshe. Sikuweka skrubu. Nilichonga ncha za mbao ziingie ndani ya mbao nyingine, nikazitia gundi, nikapigilia vijiti vya mbao katikati, nikapiga msasa mpaka hata mimi nikazipoteza kona zilipoungana. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Ukitaka kukifungua kile kizimba ni lazima ukiue.

Kilikuwa kirefu kuliko mimi, wavu laini pande tatu, mlango mdogo wa bawaba kila upande, ubao mzima katikati. Ndani mimea iliyopandwa kwenye vyungu, ya majani mapana na ya kutambaa. Dume kulia, jike kushoto. Walipanda mpaka kileleni, kila mmoja upande wake, wakatutazama kutoka juu kama mahakimu.

Dada yangu mkubwa alikuja kunitembelea siku moja, nikampandisha juu kumwonyesha. Sista alikuwa kazini. Dada akakizunguka kizimba, akagonga mbao kwa kifundo cha kidole.

"Kwa hiyo kinyonga amepata ghorofa," akasema.

"Ndiyo."

"Na mwenye kinyonga? Yeye umemjengea nini?"

"Yeye ana chumba."

Dada akashika mkoba wake. "Mdogo wangu, hao wadudu wana rangi kumi. Wewe unayo moja, na hiyo nayo unaificha. Mwambie mtu wa watu."

Nilikusudia. Naapa nilikusudia. Miezi kumi na moja nilipanda zile ngazi nikiwa na sentensi moja mdomoni. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, hata mtoto wa darasa la kwanza angeiandika. Nafika, nakuta amechovya miguu, ananiambia panzi wameisha, au jike ameanza kuchimba kwenye chungu anataka kutaga, na mimi nashika bomba la kunyunyizia. Nilikuwa na uwezo wa kumwambia mteja kitanda kitamuua. Ile moja sikuiweza. Nikajiambia hapana haraka. Kizimba kipo. Kizimba hakiendi popote.

Barua ilikuja katika ule mwezi wetu wa kumi na moja. Hospitali nyingine, safari ya siku mbili. Alishuka nayo karakana mchana, jambo asilolifanya, mchana ulikuwa wake wa kulala. Akakaa juu ya rundo la mbao.

"Mtu anaweza kukata rufaa," akasema. "Kuna fomu." Akaikunjua gotini. "Hapa wanauliza sababu ya kutaka kubaki. Wameacha mistari mitatu. Wenye waume wanaandika mume. Wenye wagonjwa wanaandika wagonjwa." Akainyoosha ile karatasi kwa kiganja, ingawa ilikuwa imeshanyooka. "Mimi sijui nijaze nini."

Mashine ya jirani ilikuwa inachana mbao. Nilisubiri inyamaze. Ikanyamaza.

"Andika una mifugo," nikasema.

Alicheka. Alicheka vizuri tu, akaikunja fomu mara mbili, akainuka, akapangusa vumbi nyuma ya gauni. "Kweli," akasema. "Nina mifugo."

Nikasikia hatua zake zikipanda. Hazikuwa fupi wala ndefu.

Nilichojifariji nacho kilikuwa kizimba. Nitakisema kama kilivyokuwa, hata kama kinanitia aibu: niliamini kwamba siku ya kuhama, kitakapokwama, kitaongea badala yangu. Ataona haiwezekani. Hatawaacha vinyonga. Atakaa kitandani atafikiri, atasema basi, ngoja nijaze ile fomu. Nilikuwa na miaka arobaini na sita na nilifikiri mbao zinaweza kumposea mtu.

Basi ndiyo siku hiyo, lori linanguruma, wapagazi wamesimama. Sista akatua kikapu sakafuni. Akaja mpaka kwangu, akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni yangu, akatoa tepu. Akaenda akapima mlango. Akapima kizimba. Alipima kama anavyopima joto la mgonjwa, akisoma namba mara mbili.

"Daftari lilisema sitini."

"Ndiyo."

"Ulipima mlango?"

"Nilisahau."

"Wewe," akasema. "Kusahau kupima."

Nilikuwa nimeshamsimulia habari ya mjomba na jua la mchana. Alikuwa ameicheka sana hadithi ile.

Akarudi kwenye kizimba, akapitisha kidole gumba kwenye kona, kutoka juu, taratibu, akitafuta kichwa cha skrubu. Akamaliza nguzo ya kwanza. Akaenda ya pili. Kwenye ya tatu aliacha kutafuta, akabaki tu ameweka kiganja pale, kwenye mbao. Alikuwa amenipa mgongo.

"Nyie, hebu tangulieni na hilo godoro," akawaambia wapagazi. Godoro lilikuwa limeshapelekwa. Yule mnene akafungua mdomo aseme, mwenzake akamvuta shati. Wakatoka.

Tukabaki sisi wawili, na kikapu.

Akageuka. Uso wake haukuwa na hasira. Ningefurahi kama ungekuwa nayo.

"Fundi, kuna kitu unataka kuniambia?"

Sentensi ilikuwepo. Ilikuwa imefika kabisa nyuma ya meno.

"Hakuna," nikasema.

Akasubiri bado. Alikuwa na subira ya watu wanaokaa na wagonjwa. Alijua jibu la kwanza si lazima liwe lenyewe. Akasubiri mpaka dereva akapiga honi. Kisha akainama akachukua kikapu, akanirudishia tepu mkononi, akaufunga mkono wangu juu yake kwa mkono wake.

"Wanyunyizie majani basi," akasema. "Mimea haina kosa."

Ujumbe wake ulikuja baada ya mwezi na siku kadhaa. Niliusoma polepole, ingawa ulikuwa wa chapa. Aliandika kwamba kipande cha boksi kilianguka njiani, wakashinda siku nzima wakiwa wanaonana. Kule alikofikia alikosa fundi wa haraka, akawaweka kwenye mapazia, lakini baridi ya kule ni nyingine. Jike alikufa wiki ya pili. Dume yupo, amekuwa wa rangi moja tu ya majivu. Usijisikie vibaya, aliandika, safari ndefu.

Nilikaa na simu siku nzima. Nikaandika: Pole. Akajibu: Asante Fundi. Baadaye namba ile ikawa haipatikani.

Bwana Funguo, mwenye nyumba, tulimwita hivyo kwa furushi la funguo analotembea nalo kiunoni, alinipa wiki moja. "Ama ukikate ukitoe, ama ukipangie chumba. Siwezi kumpangisha mtu na msitu." Nilipanda na msumeno mara mbili. Mara zote mbili niliishia kuunoa. Mara ya tatu nilipanda na godoro.

Ndipo ninapoishi. Karakana iko chini, na sasa juu yake hakuna anayetembea isipokuwa mimi. Ile mimea ya kutambaa imetoka nje ya wavu, imeshika nondo za dirisha. Kila asubuhi saa moja na nusu nafungua kile kigurudumu cha mpira wa dripu, tone linashika ncha ya jani, nalitazama mpaka lidondoke. Ubao wa katikati bado upo. Nilifikiria kuutoa, sikuona faida.

Mjomba alikuwa na desturi. Kazi ikiharibika, hakuruhusu mtu kulalamika; ulisimama mbele yake ukahesabu kilichopotea, kimoja kimoja, ukanyamaza. Basi. Mbao ngumu mita ishirini na sita. Wavu laini mita nane. Wiki tatu za kujenga, na asubuhi za miezi kumi na moja, ukitoa siku zake za mapumziko ambazo alikwenda kumtazama Mwalimu. Kinyonga jike mmoja, na mayai ambayo alikuwa hajayataga. Rangi za dume. Mistari mitatu kwenye fomu. Muuguzi mmoja, aliyeniuliza mara moja, akasubiri mpaka honi.

Na skrubu za shaba thelathini na mbili. Hizo hazikupotea. Ziko zote kwenye kopo la majani ya chai, kwenye rafu karibu na mlango, na hakuna hata moja iliyoshika kutu.